Picha Moja ya Babu wa Jikoni

Na Mpiga Picha wa Chama, Kidato cha Nne

Wahenga walinena kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mimi koleo langu lilivunjika usiku, na kulipopambazuka shule nzima ikaja kutazama vipande.

Mliokuwepo mwezi wa Julai mwaka 2024 mnazikumbuka picha nilizobandika kwenye ubao wa matangazo baada ya Jioni ya Muziki. Wengine mlicheka hadi mkashika mbavu. Mmoja wenu, jina simtaji, aliuliza ati kama nilikuwa nimetumwa kupiga picha za visogo vya kidato cha kwanza. Sikumjibu neno. Ningejibu nini, na visogo ni hivyo vimeng'ara ubaoni kama mayai ya bata? Leo nataka kuwasimulia yaliyotokea usiku ule, na yaliyofuata ambayo wengi wenu hamkuyajua.

Kama tujuavyo sote, simu shuleni ni marufuku. Picha za jarida letu hupigwa kwa kamera ya mwalimu mlezi wa chama, ile ndogo ya dijitali ya kutia mfukoni, inayotumia betri mbili kama za rimoti ya televisheni. Kazi hiyo niliiomba mwenyewe. Mjomba wangu ana studio ya picha sokoni, basi nikaona ufundi uko damuni. Mtoto wa nyoka ni nyoka, nilijiambia. Nikasahau kwamba mimi si mtoto, ni mpwa tu.

Usiku huo bwalo lilijaa hadi mlangoni. Kwaya iliimba, mashairi yakaghanwa, vijana wa isukuti wakazipiga ngoma zao hadi vumbi likapaa. Hatimaye akapanda jukwaani mtu tuliyekuwa tukimngoja: mpishi wetu, ambaye kila mtu humwita Babu wa Jikoni. Kofia yake kichwani, gitaa mkononi. Babu alikuwa akipiga ule mtindo wa omutibo wa magharibi mwa Kenya, uliovumishwa na George Mukabi. Mukabi aliaga dunia mwaka 1963, na Babu akazaliwa mwaka uliofuata, lakini ukimsikia ungedhani walilelewa nyumba moja. Kidole gumba kinatembea na nyuzi nene, kidole cha pili kinaimba kwenye nyembamba, na kando mtu anakwaruza chupa ya soda kwa kijiti cha chuma. Watu wawili tu, lakini unasikia bendi.

Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nimeketi katikati ya bwalo, kama mita 12 hivi kutoka jukwaani. Nikaivuta lenzi hadi mwisho ili Babu aje karibu. Nikabonyeza. Flashi ikawaka, pa! Nikabonyeza tena, pa! Kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera kila kitu kilionekana sawa. Wee! Kioo kile ni mwongo mkubwa. Baadaye mwalimu wa zamu aliponiashiria niache kuwamulika watu, nikaizima flashi, nikaendelea hivyo hivyo kwa mkono.

Jumatatu tulipozifungua picha kwenye kompyuta, nilipigwa na butwaa. Zilizopigwa kwa flashi zilikuwa na vichwa vya waliokaa mbele yangu, vyeupe pe, na nyuma yao giza totoro. Zilizopigwa bila flashi zilionyesha zimwi lenye nyuso tatu na gitaa mbili. Picha 60, na uso wa Babu haumo hata katika moja. Jarida la mwaka ule likaandika habari zake bila picha.

Na kuna jambo sikumwambia mtu. Nyimbo zenyewe sikuzisikia. Nilikuwa kwenye bwalo lile lile na ninyi, lakini mliponiuliza Babu aliimba nini, sikuwa na jibu. Nilikuwa nikibonyeza.

Siku tatu baadaye Babu aliniita mlango wa nyuma wa jikoni. "Kijana, njoo hapa." Moyo ulinidunda. Nilidhani nakwenda kukaripiwa. Badala yake alifuta mikono kwa aproni, akatoa bahasha kuukuu mfukoni, na ndani ya bahasha picha moja iliyokunjika pembe.

"Tazama. Mwaka 1983, tulikuwa tukipiga hotelini. Unaona nini?"

Nikatazama. Niliona meza yenye kitambaa cheupe. Niliona chupa zikimeta, na watu wanne wamegeuza visogo. Nyuma yao kulikuwa na weusi, na katika weusi ule umbo la kofia.

"Naona wateja, Babu."

"Basi hicho kiza chenye kofia ndicho mimi." Akacheka, lakini si sana. "Nimepiga gitaa tangu sijabaleghe. Wapiga picha walikuja, taa yao ikawaka, wakawapata wateja. Mwezi wa kumi natimiza miaka yangu 60, narudi nyumbani. Wajukuu huniuliza kama kweli nilikuwa mwanamuziki. Nikiwaonyesha hii wanasema, Kuka, hii ni kofia tu."

Akairudisha picha ndani ya bahasha. "Mwalimu ameniambia mtaniandalia hafla ya kuniaga. Jaribu tena, mjukuu wangu."

Jamani, laiti angenikemea! Kukemewa ningestahimili. Kilichonichoma ni kuona kwamba kosa langu la Julai 2024 ni lile lile lililomtia mzee huyu gizani miaka 41 kabla yake. Kamera ilikuwa nyingine, mpiga picha mwingine, lakini visogo ni vile vile.

Likizo ya Agosti ilipofika sikwenda kucheza mpira. Nilikwenda moja kwa moja studioni kwa mjomba, nikamwekea picha zangu mezani. Alizipitia moja moja, kimya kama maji mtungini. Kisha akaangua kicheko.

"Mpwa wangu, ulitaka kumulika kiwanja kizima kwa kijiti cha kibiriti."

Akanieleza. Flashi ya kamera ndogo hufaa mita tatu au nne tu. Mwanga hauendi mbali ukiwa na nguvu zile zile. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaomfikia mtu hubaki robo. Ukiongezeka mara tatu, hubaki sehemu moja ya tisa. Akanipa kalamu nipige hesabu mwenyewe: kisogo kilicho mita 1 mbele yangu na Babu aliye mita 12. Nikapata kwamba kisogo kilipata mwanga mara 144 zaidi ya Babu. Hapo ndipo nilipoacha kuwalaumu kidato cha kwanza. Vichwa vyao havikuwa na hatia.

"Na hii zumu," akasema, "ni mtego mwingine. Lenzi ya kamera yako isipovutwa, tundu lake hufunguka hadi f/2.7. Ukiivuta mpaka mwisho, linabana hadi f/5.6. Mwanga unaoingia unakuwa kama robo ya ule wa kwanza. Kamera ikikosa mwanga inakawia kufunga, na ikikawia, mkono wako unatikisika na mwimbaji naye anatikisika. Ndiyo hayo mazimwi yako. Kwa hiyo ukitaka mtu aje karibu, usivute lenzi. Inuka uende. Zumu yako ni miguu."

Nilijifunza mengi wiki zile tatu. Nilijifunza kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuona mwanga. Kwenye ISO 80 picha ni safi kama maji ya chemchemi, lakini gizani haiwezekani kushika kamera kwa muda inaoutaka. Kwenye 800 inaona mara kumi zaidi, ila picha inapata chenga, kama televisheni iliyokosa antena nzuri. Nikauliza kama hizo chenga si aibu. Mjomba akasema, "Chenga mtu huzizoea. Uso uliotikisika hauzoeleki."

Nilijifunza pia kwamba pazia jeusi huidanganya kamera. Inadhani dunia nzima ni giza, basi inaongeza mwanga mpaka uso wa mwimbaji unakuwa mweupe kama unga wa ugali. Dawa yake ni kwenda kwenye ile alama ya kujumlisha na kutoa, ukatoa moja. Nilijifunza kuzima kile kitaa kidogo cha kusaidia kulenga, kwa sababu kinamchoma mwimbaji macho. Na nilijifunza kubana viwiko mbavuni, kutoa pumzi taratibu, na kubonyeza kana kwamba kitufe ni cha udongo mbichi.

Kila jioni mjomba alinituma nikampige picha mkaza mjomba akikaanga mandazi ukumbini kwa taa moja. Mwanzoni nilirudi na ukungu mtupu. Siku moja akanisimamisha nyuma yake, akanikataza kubonyeza. "Mtazame kwanza. Mikono yake haitulii, lakini kila akigeuza andazi, kichwa chake kinatulia kidogo. Kamera ndogo ina uvivu. Ukibonyeza ulipokwisha kuliona jambo, umechelewa. Bonyeza kitufe nusu ikishalenga, ushikilie, ungoje. Halafu malizia kabla jambo halijafika."

"Nitajuaje kwamba linakuja, Mjomba?"

"Kwa mandazi, utayatazama. Kwa muziki, utausikiliza."

Maneno hayo nilirudi nayo shuleni muhula wa tatu. Nilikuwa nimeshaanza kuitukana flashi kama adui wa binadamu, mpaka mwalimu mlezi akanirekebisha. Alinionyesha picha za Malick Sidibé, mpiga picha wa Mali aliyefariki mwaka 2016. Miaka ya sitini mtu huyu alizunguka usiku katika dansi za vijana wa Bamako akiwa na kamera nyepesi na flashi. Picha yake ya ndugu wawili wakicheza dansi usiku wa Krismasi mwaka 1963 imezunguka dunia. Flashi ilimfaa kwa sababu alikuwa karibu nao, hatua chache tu. Basi flashi haina kosa. Kosa ni kuikaa mbali na watu halafu kuiomba iwafikie.

Mwezi wa Septemba nilimwomba Babu ruhusa ya kuja kumsikiliza akifanya mazoezi. Baada ya chakula cha jioni, sufuria zikiwa zimeoshwa, aliketi juu ya kreti ya soda akapiga. Mtunza stoo akakwaruza chupa. Siku tatu za kwanza sikuja na kamera. Nilikaa tu kwenye gunia, nikasikiliza ule wimbo nilioukosa Julai. Ulikuwa wimbo wake mwenyewe, kuhusu mama yake aliyekuwa akiuza samaki kutoka soko hadi soko.

Siku ya nne nikagundua kitu. Kila alipokaribia kiitikio, Babu aliinua kidevu, akafumba macho, akalivuta lile neno la mwisho. Wakati huo kichwa chake hakikusogea kabisa. Nilihesabu: moja, mbili. Sekunde mbili nzima uso umetulia tuli, ilhali vidole bado vinakimbia kwenye nyuzi. Na kabla ya kuinua kidevu, gumba lake lilibisha mara mbili kwenye uzi mnene, kama mtu anayepiga hodi. Ile hodi ndiyo iliyokuwa taarifa yangu.

Hafla ya kumuaga ilikuwa Ijumaa moja ya mwezi wa Oktoba. Safari hii nilifika bwaloni saa moja mapema. Nilimwomba fundi wa umeme wa shule awashe taa zote mbili za juu ya jukwaa. Kisha nikakikalia kiti cha Babu, nikamwambia rafiki yangu anipige picha ya majaribio. Taa ilikuwa juu ya utosi kabisa, macho yangu yalikuwa mashimo mawili. Nikakirudisha kiti nyuma kama hatua mbili, mwanga ukaniangukia usoni. Babu alipofika nikamkaribia kwa adabu.

"Shikamoo Babu. Naomba leo usogeze kofia nyuma kidogo."

Akanitazama, akakumbuka ile bahasha, akaisukuma kofia hadi paji la uso likaonekana lote.

Kitu cha mwisho nilichohitaji ni egemeo. Kigodoro cha kuwekea kamera hatuna, lakini mjomba alinifundisha kwamba mfuko wa nafaka hufanya kazi ile ile. Nikamwomba Babu kilo moja ya maharagwe, nikayatia ndani ya soksi ndefu ya mpira, nikafunga fundo. Naam, maharagwe yale yale tunayoyanung'unikia kila siku ya githeri! Nikaiweka soksi juu ya meza ndogo kando ya jukwaa, mita tatu kutoka kwa Babu, nikaikandamiza kamera juu yake ikatulia kama kuku juu ya mayai. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nilipiga magoti sakafuni ili nisimzibe mtu yeyote.

Wimbo ukaanza. Kiitikio cha kwanza nilikikosa. Mikono ilinitetemeka, nikabonyeza Babu akiwa ameshashusha kidevu. Kiitikio cha pili nilikuwa tayari, hodi nikaisikia, na wakati huo huo mtoto wa kidato cha kwanza akaruka mbele yangu akicheza. Nikapata kisogo! Nusura nicheke, nusura nilie. Nilijua wimbo ule una viitikio vitatu tu.

Nikangoja. Nikabonyeza kitufe nusu, kamera ikalenga, nikashikilia. Sikumtazama Babu tena kwa jicho la haraka. Nilisikiliza samaki wakiuzwa, mvua ikinyesha njiani, mama akifika nyumbani usiku. Gumba likapiga hodi, mara ya kwanza, mara ya pili. Nikatoa pumzi, nikamalizia kubonyeza.

Kamera ilifunguka kwa sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde. Sikuitazama picha. Nilipiga nyingine chache, kisha nikaizima kamera nikaitia mfukoni. Wimbo wa mwisho wa Babu niliusikiliza nikiwa bado nimepiga magoti, mikono mitupu. Ndiyo maana hakuna picha yake, na msiniulize.

Kwa jumla nilipiga picha 41. Zilizofaa ni tatu, na iliyofaa kweli ni moja. Mjomba aliisafisha kwa karatasi kubwa, mwalimu mlezi akaileta shuleni, nami nikaipeleka jikoni siku Babu alipokuwa akifunga mizigo yake.

Aliishika kwa ncha za vidole, akaipeleka mlangoni penye mwanga. Alikaa kimya muda mrefu. Uso ulikuwa wake, kila kunyanzi mahali pake, macho yamefumbwa, kofia imesukumwa nyuma. Kulikuwa na chenga kidogo kwenye pazia. Kisha akaweka kidole pale kwenye nyuzi.

"Na huu mkono?"

Moyo ulinishuka. Mkono wa kulia ulikuwa umefifia. Vidole havihesabiki, ni kama moshi juu ya tundu la gitaa. Nilikuwa nimeuona ukungu huo tangu mwanzo, nikatumaini hatauona. Nikaanza kujitetea kuhusu sehemu za sekunde na taa za bwalo.

"Nyamaza, mjukuu wangu," akasema. "Mkono huu unapiga. Ungetulia, wangeniuliza kama nilikuwa nimeshika gitaa la mtu."

Akaichukua ile bahasha kuukuu, akaitoa picha ya 1983, akaziweka mbili hizo pamoja katikati ya shati zake ndani ya sanduku. Akafunga. Akanipa mkono, mkono ule ule, nao ulikuwa mgumu kama gome la mti.

Mpenzi msomaji, mwaka huu naondoka shuleni, na kamera ya chama itapata mtu mwingine. Wewe utakayeipokea, sina mali ya kukurithisha ila haya machache. Izime flashi mpaka uwe karibu. Usivute lenzi, inuka. Pandisha ISO usiogope chenga. Tafuta nguzo, meza au soksi ya maharagwe. Na kabla ya hayo yote, hudhuria mazoezi. Usiku wa onyesho utakuwa umechelewa kuujua wimbo, na asiyeujua wimbo hubonyeza baada ya wimbo.

Ama kuhusu yale maharagwe, msiyatafute. Niliyarudisha jikoni asubuhi iliyofuata kama nilivyoahidi, yakapikwa, na nyote mliyala Jumatano. Kalamu yangu naiweka chini. Kwaherini.